Punda wa Hadithi ya Nne

Mwalimu wangu Rukia,

Amani ya Mungu ikufikie huko uliko. Nakuandikia nikiwa darasani kwetu, darasa la tatu. Watoto wamekwenda nyumbani kula, mimi nimebaki na joto la mabati na nzi wawili wasiotaka kutoka. Ninaandika nyuma ya karatasi zako za stensili, kwa sababu karatasi nyingine hakuna, na kwa sababu najua ungenigombeza kama ningezitupa.

Sikukuandikia mapema kwa kuwa nilikuwa nimekukasirikia. Najua, marehemu hakasirikiwi, anaombewa. Dua nimekuombea kila baada ya swala, usidhani nimesahau. Lakini nilikuwa nikimaliza dua, nakunja msala, hasira ziko palepale zinaningoja. Nisikilize mpaka mwisho ndipo uniambie kama nilikosea. Ah, uniambie nini tena. Nisamehe.

Maji yamepungua tangu uondoke. Barabara ya Nairobi imefunguka na malori yanapita darajani usiku na mchana kama vile hakukutokea kitu. Nyasi zimeota mpaka nyuma ya vyoo vya shule. Wewe ulichagua wakati mbaya kuliko wote: malaria ya siku nne, hospitali imejaa wagonjwa hadi varandani, na maji pande zote. Mimi na wanawake wawili wa mtaa wako wa Waberi ndio tuliokuosha. Tulikuzika siku ileile baada ya alasiri, kama inavyopasa. Mama yako alitoka Lamu mara tu alipopata habari, akakwama Garsen siku tisa, anatazama mto. Alipofika, kaburi lako lilikuwa limeshaanza kuota majani. Hakulia. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Alisema nini mwishoni?" Nami sikuwa na la kumwambia, maana homa ilikuwa imekuchukulia maneno tangu siku ya pili. Akafungasha kanga zako, msahafu wako na ile sufuria ndogo ya chai, akauliza kama kuna kingine. Hapo nilimjibu neno ambalo nitalirudia mbele, kwa sababu sasa hivi siwezi kuliandika.

Wacha nianze na redio kaseti.

Unakumbuka ilivyokuja? Wazazi walichanga, mwalimu mkuu Dekow akaibeba mwenyewe kutoka sokoni kama bibi harusi, akaifungia kabatini mwezi mzima kwa kuogopa vumbi. Wewe ndiye uliyembembeleza mpaka akatoa ufunguo. Ulisema tuna kitabu kimoja kwa watoto sita, wale wanaokaa upande wa juu wa kitabu wanajifunza kusoma herufi zimepinduka, basi tuwape hadithi masikioni kwanza. "Kwanza masikio, halafu macho, halafu akili." Nililiandika neno hilo kwenye jalada la daftari langu. Nilikuwa mwalimu wa muda, sijasomea ualimu hata siku moja, ninashika chaki kama sindano ya mshonaji, na wewe ukaamua kwamba mimi ni wa kufundishwa. Sijui uliona nini. Kiswahili changu kilikuwa cha sokoni, p zangu zote ni b, nikisema "pole" mtu wa pwani anacheka. Wewe hukucheka. Ulinisomesha jioni baada ya jioni kwako Waberi, ukanipa mpaka hiki Kiswahili ninachokuandikia.

Na hadithi zako ulizitunga mwenyewe, kumi zote, za huku kwetu, kwa sababu za kitabuni zilikuwa na treni na theluji. Ulizichapa kwenye stensili, ukazisoma kwenye kaseti chumbani kwako, mlango umefungwa na mito imewekwa dirishani kuzuia kelele. Ile ya nne, ya msichana anayemtafuta mbuzi wake kwenye njia ya Bura, ndiyo iliyotushinda. Ulikuwa umefika pale "Msichana akasimama, akasikiliza," mara punda wa muuza maji akalia nje kwa nguvu zake zote. Ukacheka, ukasema, "Ewe punda, nawe unataka kusoma?" kisha ukaendelea. Betri zilikuwa zinakaribia kufa, tayari tulikuwa tumezianika juani mara mbili. Tukasema basi, punda abaki.

Ukafa, na mimi nikaendelea. Kila kipindi cha ufahamu niliweka kaseti. Watoto wanasikiliza mara ya kwanza macho yamefumbwa, mara ya pili kidole kiko kwenye karatasi, kisha maswali yako matano, kimya kidogo cha kujibu, kisha majibu yako. Nilirudisha utepe kwa penseli ili nisile betri. Watoto wakawa wanasoma, wallahi, wanasoma kama maji. Dekow alikuwa akipita dirishani anasimama kusikiliza. Walimu wa madarasa mengine wakaanza kunionea kijicho, na mimi nikaona raha. Nilijiambia Rukia hajafa bure. Kwenye punda darasa zima lilicheka na kusema kwa pamoja, "Ewe punda, nawe unataka kusoma?" na mimi nilidhani ni mchezo, nilidhani ni mapenzi yao kwako.

Kisha Jumatatu moja nikakosea karatasi.

Zilikuwa zimeloa wakati wa mvua, nikazianika uani, zikachanganyika. Kaseti ilikuwa ya hadithi ya nne. Karatasi nilizogawa zilikuwa za hadithi ya saba, ya fundi viatu. Sikujua. Tukasikiliza mara mbili, nikazima, nikamwambia Hodan asome. Unamkumbuka Hodan, yule mwembamba wa mbele, mtoto wa wafugaji waliopoteza ng'ombe wakahamia mjini? Yeye ndiye fahari yetu. Akasimama, akasoma hadithi ya msichana na mbuzi bila kukwama hata neno moja, kidole kinatembea, anageuza karatasi mahali pa kugeuza, na kwenye punda akacheka na wenzake. Nikapita nyuma yake. Kidole chake kilikuwa juu ya fundi viatu, mdomo wake uko njia ya Bura.

Nilizunguka darasa lote. Watoto arobaini na mmoja, kila mmoja na kidole chake juu ya fundi viatu. Hakuna aliyeinua mkono kusema, Maalim, hii si hadithi ile. Nikakaa kwenye dawati.

Nikamuuliza Hodan swali ambalo si lako. Nikamwambia, ungekuwa wewe, ungeendelea kumtafuta huyo mbuzi au ungerudi nyumbani? Mtoto anayejua mbuzi kuliko watu wa ofisi ya mifugo! Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemwona mkubwa wake amepotea njia.

"Maalim," akasema, "hiyo swali haiko kwa kaseti."

Siku ile sikula. Nilikaa nikifikiria, na nilipofika kwenye jibu ndipo nilipokukasirikia. Mwalimu, tulikuwa na akili gani? Kila mtoto wetu, kabla hajakanyaga shule, ameshakaa dugsi, madrasa yetu ya Kurani, na lohi lake mapajani, ule ubao wa kuandikia aya. Pale mwalimu anasoma, wewe unapokea. Neno lake halipunguzwi wala haliongezwi. Ukilirudisha zima, na pumzi yake mahali pake, umefanya adabu. Na sisi tukaja na sauti ya mwalimu ndani ya sanduku, inasema yaleyale, inapumua palepale, inakohoa palepale, tukaicheza mara ishirini. Wangefanya nini zaidi ya kuhifadhi? Walihifadhi hadithi, maswali, majibu na punda. Walituheshimu mno. Mimi nilipitia dugsi, wewe ulipitia chuoni kwenu Lamu, tukakaa wote wawili na hatukuliona. Ungekuwa hai ungeliona wiki ya kwanza. Ndiyo hasira yangu. Uliniachia kazi uliyoifanya nusu na sauti ambayo siwezi kuiuliza kitu.

Na mimi mwenyewe je? Nilianza kujisikia nikifundisha. Nainua chaki unavyoiinua, nasema "haya, wanangu" unavyosema, mimi ambaye sina mtoto. Nilikuhifadhi.

Ungesema basi ningeacha, ningeanza upya kesho yake. Ndiyo, lakini kulikuwa na wageni. Dekow alikuwa ameshaandika kwa ofisi ya elimu kwamba shule yake inafundisha ufahamu kwa mitambo. Watu wangekuja kuona, na wakipendezwa wangeleta redio nyingine kwa madarasa yote. Na mimi aliniahidi barua ya kunipendekeza chuo cha ualimu. Unajua kwetu kulivyo. Kaka yangu Yusuf ana duka la nguo kwenye kambi ya Ifo, anataka mtu wa kukaa nalo. Amenivumilia miaka sita. Alisema mwaka huu ukiisha bila chuo, nafunga mizigo nakwenda Ifo kupima vitambaa. Hakusema kwa ubaya. Angekuwa mbaya ningemjibu. Alisema, "Abaayo, dada yangu, umejaribu, inatosha," na mama akaitikia kwa kichwa huku anapepeta mchele. Hivyo ndivyo ninavyofungwa mimi, kwa upole, mlango mmoja baada ya mwingine.

Nilimwendea Dekow kabla ya wageni nikamwambia ukweli, watoto hawasomi, wamekariri. Alivua miwani akaipangusa muda mrefu. Akasema, "Kwani mimi sijui? Wacha kwanza walete redio, halafu tutawafundisha kusoma." Alisema kama mtu anayenionea huruma. Na ubaya ni kwamba nilimwelewa.

Wageni wakaja, wanne, na kamera. Nilikuwa nimepanga jambo langu. Nilisema nitazima kaseti katikati ya hadithi, mbele ya macho yao, darasa litanyamaza, na ukweli utajisema wenyewe bila mimi kufungua kinywa. Ndivyo nilivyo mwoga. Nikaweka hadithi ya nne, nikazima kabla ya punda.

Hawakunyamaza. Waliendelea wote arobaini na mmoja, kwa sauti yako, Mwalimu, kwa mwendo wako, wakavuta pumzi unapovuta, wakakohoa kikohozi chako kidogo. "Ewe punda, nawe unataka kusoma?" Wageni wakasimama wakapiga makofi. Mama mmoja kati yao alifuta macho. Wakasema hawajaona kitu kama hiki, hata mtambo ukizimwa watoto wanasoma wenyewe. Mmoja akanishika mkono. Nami nilikuwa na nafasi ya kusema, Mungu shahidi, mdomo ulikuwa wangu na ulikuwa wazi. Nikasema asante.

Jioni ile Dekow alinipa barua ya chuo, imepigwa taipu na muhuri. Akaniambia nimletee kaseti zako zote kumi ofisini siku ya Jumamosi. Zinakwenda kunakiliwa, shule za Bura zipate, za Ifo zipate, kila mahali. Akasema, "Rukia atafundisha mkoa mzima." Alidhani ananifurahisha.

Usingizi uliniruka. Nilikuwa nakuona umesimama katika madarasa yote ya jangwa hili, unacheka na punda yuleyule, na watoto wanakubeba mzima bila kukuelewa, mwaka baada ya mwaka, nawe huwezi kunyamaza. Nilidhani mimi ndiye niliyefungwa. Kumbe na wewe nimekufunga, na ufunguo ninao mimi.

Sasa niandike lile neno. Mama yako alipouliza kama kuna kingine chako, nilimwambia hakuna. Kaseti zilikuwa kabatini, nyuma ya mgongo wangu. Ulizinunua mwenyewe sokoni, mimi nilikuwepo. Redio ni ya shule lakini kaseti zilikuwa zako, na cha marehemu ni cha warithi wake. Hilo sikuhitaji kufundishwa, nililijua tangu utotoni. Lakini nilikuwa nazihitaji. Nikamwangalia mwanamke aliyekaa siku tisa ukingoni mwa maji, anayetaka kujua bintiye alisema nini, na sauti ya bintiye iko nyuma yangu saa nzima na zaidi, nikamwambia hakuna. Akanishukuru. Akaniachia ubani.

Ijumaa nikazifunga zote kumi kwenye kitambaa, nikampa Bi Zena muuza mikeka, anayerudi kwao Lamu. Nikamwandikia mama yako: ninazo tangu siku ile, nilikuficha, nisamehe. Nikamweleza na habari za punda, asije akashtuka. Ya nne niliibusu. Basi likaondoka na vumbi lake, na mimi nikaenda moja kwa moja kwa Dekow kabla ujasiri haujaniisha.

Nilimwambia zimekwenda kwa mrithi wako. Dekow ni mtu wa safu ya kwanza msikitini, hilo asingeweza kulipinga na hakulipinga. Kisha akasema ningemwomba mama yako ruhusa, ningenakili kwanza, njia zilikuwepo nyingi, na nilizijua. Kweli nilizijua. Akanyoosha mkono, nikampa barua yangu ya chuo. Hakuichana. Aliiweka kwenye droo akafunga, akasema atafikiri. Anafikiri mpaka leo. Yusuf anakuja shule zikifungwa, na mama ameshaninunulia sanduku. Nalala nikilitazama.

Huenda unasema nimepoteza kila kitu kwa pupa. Huenda ni kweli. Najuta asubuhi, jioni sijuti.

Ya leo asubuhi ndiyo niliyotaka kukueleza. Niliingia darasani bila redio. Watoto wakatazama meza, wakatazama mikono yangu. Mmoja akauliza, "Maalim Rukia iko wapi?" Nikawaambia Maalim Rukia amekwenda kwa mama yake. Wakakubali, watoto wanakubali mambo. Kisha nikageuka ubaoni nikaandika mistari mitatu ambayo haijasomwa na mtu yeyote duniani, kwa sababu nilikuwa naitunga palepale. Niliandika: Mama alisikia binti yake ni mgonjwa. Akatoka nyumbani mbio. Alipofika njiani, akakuta maji yamefunika barabara.

Nikamwita Hodan. Alisimama akafumba macho kama kawaida, anangoja sauti. Haikuja. Akafumbua. Mwalimu, ilikuwa vibaya. Ilikuwa aibu. Alisoma "mama" akasimama. Akasoma "alisi" akarudi nyuma. Jasho likamtoka. Wenzake wakaanza kumcheka, kisha wakaacha kwa sababu kila mmoja alijua zamu yake inakuja. Alilitamka "barabara" kwa vipande vinne, akavipoteza, akavitafuta tena. Mara mbili alinitazama ili nimsaidie, na mimi nikauma ulimi mpaka ukauma kweli. Mistari mitatu ilikula kipindi kizima. Ni usomaji mbovu kuliko wote niliowahi kuusikia kwenye shule hii, na nilikuwa nalia mgongo umeelekea dirishani.

Alipomaliza hakukaa. Alibaki anautazama ubao, midomo inatikisika, anarudia peke yake bila sauti.

"Maalim," akasema, "hii mama, alifika?"

Darasa zima likanigeukia. Hapakuwa na wa kunijibia. Nikawaambia mstari wa nne bado sijauandika, kengele ikanisaidia, wakatoka.

Watarudi baada ya chakula, nawasikia wengine langoni. Sijui nitakuwa hapa wiki ngapi, au kama yule mama wa Lamu atanisamehe. Lakini wamekwenda nyumbani na swali, na watarudi nalo. Nakuahidi sitawadanganya. Nitawaandikia kwamba alifika, na kwamba alichelewa, na nitawaacha wasome wenyewe, taratibu, mpaka waelewe.

Lala salama, mwalimu wangu. Pumzika sasa, usisome tena. Nitasoma mimi.

Mwanafunzi wako,
Saharo